Friji haipoi, au inagandisha mboga: kupima na kubadilisha kihisi joto

Chumba cha chini cha friji ya nyumbani kinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 3 na 5 za Selsiasi, na friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Maziwa yakianza kuganda kwenye pakiti, au samaki aina ya mbuta aliyenunuliwa Jumamosi akianza kunuka Jumapili, fundi anayeitwa husema moja kati ya mawili: gesi imeisha, au sensa, yaani kihisi joto, imekufa. Yote mawili hutokea, ila mara nyingi husemwa kabla mita ya kupimia umeme (multimita) haijatoka mfukoni. Kihisi joto ndicho kipuri kinachopimika kwa urahisi kuliko vyote ndani ya friji. Kinataka glasi ya barafu, mita ya kawaida na robo saa. Asiyepima anabahatisha, na akibahatisha kwa kununua bodi (saketi inayoongoza friji), hasara ni kubwa zaidi.

Friji yako ni ya aina gani?

Friji nyingi ndogo za mlango mmoja hazina kihisi cha umeme kabisa. Zina thamostati ya kuzungusha, ile yenye namba 1 hadi 5 au hadi 7, na nyuma yake kuna mrija mwembamba uliojaa gesi ambao ncha yake imebanwa kwenye sahani inayogandisha. Hapo swali ni fupi. Chomoa plagi, acha friji ipate joto la chumba, weka namba ya katikati, kisha pima kwa mita kati ya vidole viwili vya thamostati vinavyopeleka umeme kwa kompresa. Ikiwa nzima utaona karibu sifuri omu (omu hupima ukinzani, yaani jinsi njia inavyozuia umeme), na ukirudisha kitufe kwenye kuzima, njia inakatika. Ikikataa kuunga ilhali ni moto, thamostati imekufa. Ukibadilisha, mrija usiukunje kona kali, na ncha yake irudi pale pale ilipokuwa imegusa sahani kwa urefu ule ule. Ikining'inia hewani, friji haitakata hata sahani ikiganda barafu ya vidole viwili. Wapo wanaounga zile waya mbili moja kwa moja na kuwaachia wenye nyumba kazi ya kuwasha na kuzima ukutani. Hiyo ni njia ya kuthibitisha kwa dakika kumi kwamba kompresa inawaka, si matengenezo.

Makala haya yanahusu zaidi friji za feni, zile zinazojiyeyushia barafu zenyewe. Hizi zina bodi, na vihisi viwili hadi vinne: kimoja cha friza, kimoja cha chumba cha chini, kimoja kimebanwa kwenye bomba la koili ya baridi nyuma ya ukuta wa friza kwa ajili ya kuyeyusha barafu, na kwenye baadhi ya modeli kimoja cha kupima joto la nje, kikiwa chini ya kifuniko cha bawaba ya juu.

Kihisi chenyewe ni thamista, yaani kichwa kidogo cha plastiki chenye waya mbili. Kikipoa, ukinzani wake hupanda. Kikipata joto, hushuka. Bodi haioni joto. Inaona ukinzani tu. Kwa hiyo kiungo cha waya kilichoota kutu ya kijani huongeza ukinzani, na bodi huamini kuna baridi kuliko ilivyo. Maji yakipenya kwenye kichwa cha kihisi yakawa njia ya pembeni ya umeme, ukinzani hushuka na bodi huamini kuna joto. Ukishika hilo, dalili zote zinazofuata zitajieleza.

Vitu vinavyosingiziwa kihisi

Pita kwenye haya kwanza, maana hayagharimu kitu.

Mpira wa mlango: funga noti ya shilingi 100 mlangoni kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umelegea mahali hapo. Zunguka mlango wote, hasa kona ya chini upande wa bawaba.

Nafasi na vumbi: friji iliyosukumwa hadi ukutani, au iliyobanwa kati ya kabati mbili, haina pa kutupia joto lake. Iache sentimita 10 nyuma na usafishe koili za nje kwa brashi.

Matundu ya hewa: mfuko wa sukuma wiki ukiziba tundu linaloleta hewa kutoka friza, rafu za mbele zitakuwa za uvuguvugu na ile sukuma itaganda. Sufuria ya githeri ya moto nayo hupandisha joto kwa saa kadhaa.

Umeme: pima kwenye soketi wakati kompresa inajaribu kuwaka. Kiwango chetu Kenya ni volti 240. Ikishuka chini ya 200, kompresa hunguruma sekunde chache kisha husikika "tak", na baada ya dakika chache inarudia. Mlio huo ni wa relei ya kuwashia, kompresa yenyewe au umeme dhaifu. Kihisi hakifanyi hivyo kamwe.

Mtindo wa maonyesho ya dukani: taa zinawaka, kioo kinaonyesha maandishi, kompresa kimya kabisa. Hutokea kwa friji mpya au iliyobonyezwabonyezwa vitufe na watoto. Kijitabu chake kinaeleza vitufe vya kubonyeza ili kuutoa.

Kisha kuna hali ya hewa, ambayo kwa ukanda wetu ni jambo la kutiliwa maanani. Kibandiko cha ndani ya friji kina herufi za tabaka: N ni ya vyumba vya nyuzi 16 hadi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Friji ya N ikiwekwa chini ya mabati Kisumu, saa nane mchana, chumba kinapita 32 na kompresa haitapumzika. Si ugonjwa, ni kazi iliyozidi uwezo wake. Nakuru, Njoro na Molo mambo ni kinyume. Mwezi wa Julai jikoni usiku kunaweza kushuka hadi nyuzi 10 hivi. Kwenye friji inayoongozwa na kihisi kimoja tu kilicho chumba cha chini, chumba hicho hubaki na baridi chenyewe, kihisi hakiombi kompresa iwake, na friza inalegea polepole hadi nyama inaanza kutoa maji asubuhi. Watu wamebadilisha vihisi vizima kwa sababu ya hili. Hamishia friji penye joto kidogo, au kama ina swichi ya majira ya baridi, iwashe.

Dalili: friza inagandisha vizuri, chini hakuna baridi

Hii ndiyo dalili inayopotosha wengi. Friji nyingi za feni zina koili moja tu, iko nyuma ya ukuta wa friza, na baridi ya chini hupulizwa kutoka huko. Friza ikiwa sawa, gesi ipo na kompresa inafanya kazi. Kilichokwama ni hewa.

Fungua mlango wa friza, bonyeza swichi ya mlango kwa kidole na usikilize feni. Kama haizunguki, au inakwaruza barafu, anzia hapo. Kama inazunguka, angalia ukuta wa nyuma wa friza. Ukiwa umefura au una theluji, koili imezibwa na barafu. Jaribio la uhakika ni hili: toa chakula, chomoa plagi, acha milango wazi saa 24 na matambara chini, kisha washa. Friji ikifanya kazi vizuri siku kadhaa halafu ikarudia ugonjwa, tatizo liko kwenye mfumo wa kuyeyusha barafu: hita, fyuzi yake ya joto, kihisi cha koili au bodi.

Hita pima kwanza, maana hesabu yake ni rahisi. Hita ya wati 160 kwa volti 240 inatakiwa kuonyesha karibu omu 360. Nyingi huangukia kati ya 250 na 400. Mita isiposoma kitu, hita au fyuzi imekatika. Fyuzi nzima husoma karibu sifuri.

Hita ikiwa nzima, geukia kihisi cha koili. Kikisoma ukinzani wa chini kuliko ukweli, bodi hudhani koili imeshapata joto na hukata hita mapema. Barafu inabaki kidogo kila mzunguko, na baada ya wiki moja au mbili koili ni jiwe. Kikisoma juu kuliko ukweli, hita huendelea hadi muda wake wa mwisho, koili haina barafu hata chembe, lakini aiskrimu hulainika na kuganda tena, na unaikuta na chenga. Dalili hii ya pili watu wengi huiita gesi.

Usitoe barafu kwa kisu. Bomba la koili mara nyingi ni alumini nyembamba, na tundu moja linamaliza friji. Weka sufuria ya maji moto juu ya kitambaa ndani ya friza na ungoje.

Dalili: friza na chini vyote vina joto, kompresa inawaka kidogo kisha inakata

Kompresa inazima vizuri, bila kunguruma wala kugonga, ila inazima mapema. Hapa kihisi cha juu ya orodha ni kile cha friza, au cha chumba cha chini kwa zile zinazoongozwa nacho, na kosa ni ukinzani uliopanda. Shuku hasa kama friji iliwahi kutengenezwa na kuna kiungo cha waya kilichofungwa tepu mahali penye unyevu.

Kabla ya kuhukumu, tazama koili. Ikiwa imeganda theluji sehemu ya mwanzo tu, na nyingine ni kavu, hiyo ni gesi iliyopungua na kihisi hakina kosa.

Dalili: nyanya zinaganda, kompresa haisimami

Ukinzani umeshuka, au kihisi kimetoka mahali pake. Angalia la pili kwanza. Kifuniko cha kihisi kikivunjika, kichwa huning'inia karibu na taa au mlango, kikapata joto la uongo. Kwenye friji yenye taa ya balbu hili hutokea mara kwa mara. Kipachike upya kwenye klipu yake na ungoje siku moja.

Kama kipo mahali pake, kuna mshukiwa mwingine: kile kilango kidogo kinachopitisha hewa kutoka friza. Kikikwama wazi kwa barafu, chini hugandisha hata kihisi kikiwa kizima. Tofauti ni kwamba kilango kikikwama, vinavyoganda ni vile vilivyo karibu na tundu la hewa tu.

Dalili: leo nzuri, kesho mbaya

Waya umepasuka ndani ya ganda lake karibu na kichwa cha kihisi, au konekta ina unyevu. Kipimo cha kawaida huweza kukipitisha kihisi hiki. Kinaswe kwa kukunja waya, kama inavyoelezwa hapa chini.

Dalili: namba au herufi za hitilafu

Kwenye friji nyingi za LG, Er FS ni kihisi cha friza, Er rS ni cha chumba cha chini, Er dS ni cha koili. Makampuni mengine yana yao, na kijitabu ndicho mwamuzi. La kukumbuka ni kwamba bodi hutoa herufi hizo pale tu njia inapokatika kabisa au inapogusana. Kihisi kilichopotoka kwa nyuzi 5 hakitoi herufi yoyote, kwa hiyo kioo kuwa safi si ushahidi kwamba vihisi ni vizima. Na baada ya radi, ambayo Kakamega na Kisii wanaijua, herufi za vihisi vyote kwa pamoja huashiria bodi iliyopigwa. Vihisi vitatu havifi usiku mmoja.

Kupima

Chomoa plagi yenyewe. Usitegemee swichi ya ukutani, kwani baadhi ya nyumba zimeungwa waya kinyume na swichi hukata ule usio na moto. Kama friji ni ya inveta (kompresa yake hubadilisha kasi), ngoja dakika 10 kabla ya kugusa bodi, kwa sababu kapasita zake hubaki na volti zaidi ya 300. Angalia kibandiko cha kompresa: ikiandikwa R600a, gesi yake inashika moto, hivyo hakuna kiberiti, jiko wala sigara karibu, na madirisha yawe wazi.

Tafuta konekta ya kihisi. Ikiwa iko karibu, ichomoe na upime hapo. Ikiwa imezikwa ndani ya povu la ukuta, pima kwenye bodi, baada ya kuchomoa plagi ndogo ya vihisi. Usipime kihisi kikiwa bado kimeunganishwa na bodi. Utakuwa unapima bodi pia.

Tengeneza maji ya sifuri. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji safi hadi yajae mapengo tu, koroga, ngoja dakika tatu. Maji mengi na vipande viwili vinavyoelea si sifuri, huenda yakawa nyuzi 4 au 5. Uzuri wa njia hii ni kwamba haijali mwinuko: maji yanayochemka Nakuru huwa kwenye nyuzi 94 hivi, lakini barafu inayoyeyuka ni sifuri Nakuru na Kisumu vilevile. Zamisha kichwa cha kihisi, konekta ibaki nje, na ukoroge mara moja moja kwa dakika tano hadi namba itulie.

Namba za kulinganisha, za aina tatu zinazoonekana sana:

Kihisi cha kiloomu 5 (omu elfu tano, kwenye mita 5k), kinachopatikana kwenye friji nyingi za Samsung: karibu 5 kwa nyuzi 25, na karibu 13.3 kwa sifuri.

Kihisi cha friza cha LG nyingi: karibu 2.5 kwa nyuzi 25, na karibu 7.8 kwa sifuri.

Kihisi cha chumba cha chini na cha koili cha LG nyingi: karibu 11 kwa nyuzi 25, karibu 24 kwa nyuzi 5, na karibu 30 kwa sifuri.

Modeli hutofautiana, kwa hiyo karatasi ya huduma ya friji yako ikiwepo, mara nyingine imekunjwa nyuma ya kifuniko cha bodi, ifuate hiyo.

Kuna mtego mmoja hapa unaoua vihisi vingi vizima. Mita ya njano ya bei ndogo ina hatua za 2000, 20k na 200k. Ukipima kihisi cha kiloomu 30 ukiwa kwenye 20k, kioo huonyesha "1" upande wa kushoto, maana namba imezidi hatua. Fundi mwenye haraka husoma hiyo kama njia iliyokatika na kukitupa. Panda hadi 200k kabla ya kusema lolote. Na usishike ncha za mita kwa vidole vilivyolowa. Mwili wako unaingia kwenye kipimo na kushusha namba.

Namba moja haitoshi. Toa kichwa kwenye barafu, kikaushe, kishike kwenye ngumi na uangalie mita. Namba ishuke taratibu bila kurukaruka. Ikiganda, ikiruka kutoka 9 hadi 40 na kurudi, au ikipita kwenye "1" kwa sekunde moja, kihisi hakifai hata kama barafuni kilipita. Sasa kunja waya huku na huku sentimita mbili tatu kutoka kichwani, mita ikiwa imeunganishwa. Hapo ndipo ile "leo nzuri, kesho mbaya" hukamatwa.

Kosa gani linavumilika? Kwa kihisi cha kiloomu 5, karibu na nyuzi 4 kila nyuzi moja ni kama omu 460. Kikisoma 13.8 badala ya 13.3 barafuni, umepotea nyuzi moja, na hilo unarekebisha kwa vitufe. Kikisoma 15 au 11, kibadilishe. Linganisha pia kipimo cha kwenye kihisi na kile cha kwenye bodi. Vikitofautiana kwa zaidi ya omu mia mbili, kihisi ni kizima na ugonjwa uko kwenye waya au konekta njiani. Pakwaruze, pakaushe, badilisha vidole vya konekta vilivyoota kijani.

Kihisi kikipita mitihani yote na friji bado inakosea, jaribu bodi kwa kuidanganya. Rezista, vipande vyenye ukinzani usiobadilika, ni za shilingi chache kwenye maduka ya elektroniki. Kwa mfumo wa kiloomu 5, weka rezista ya 4.7k mahali pa kihisi, plagi ikiwa nje, kisha washa. Bodi itaona nyuzi 26 hivi, na kompresa iwake. Ngoja hadi dakika 10, kwa kuwa bodi nyingi huchelewesha kompresa makusudi kila stima inaporudi. Chomoa tena, weka 33k, ambayo ni kama nyuzi 20 chini ya sifuri, na ukiwasha kompresa ibaki imezima. Ikitii zote mbili, bodi haina hatia upande huo. Ikipuuza, okoa pesa za kihisi.

Kununua

Nenda na kihisi cha zamani na namba ya modeli ya friji, ambayo iko kwenye kibandiko cha ndani ubavuni au nyuma. Dukani sema unataka sensa ya friji na utaje kiloomu zake, usionyeshe umbo tu. Umbo hudanganya: vichwa viwili vyeupe vinavyofanana vinaweza kuwa 5 na 10.

Matokeo ya kukosea ni makubwa kuliko watu wanavyofikiri. Bodi inayotaka kihisi cha 5 huzima kompresa ikiona karibu 11. Ukiipa cha 10, itaona 11 kukiwa na nyuzi 22 ndani, na friji itakuwa kabati. Ukigeuza, ukaweka cha 5 kwenye bodi ya 10, itasubiri namba ambayo kihisi hicho hutoa kwenye zaidi ya nyuzi 10 chini ya sifuri, na kila kitu chumba cha chini kitakuwa jiwe.

Beba mita yako dukani, na kumbuka joto la mahali ulipo. Kihisi kizima cha kiloomu 5 husoma karibu 4.2 kwenye duka la Kisumu lenye nyuzi 30 mchana, na karibu 7.2 Nakuru asubuhi yenye nyuzi 15. Vyote viwili ni vizima. Kama duka halina chako, agiza kwa namba ya modeli, na ungoje. Kuunga cha kufanana ili friji ilale imewaka usiku mmoja huharibu chakula kingi kuliko kuizima.

Kubadilisha

Unahitaji bisibisi ya nyota na bapa, koleo ya kukatia, solda ya umeme, mirija ya plastiki inayojikaza kwa joto yenye gundi ndani, na silikoni ya aina isiyo na harufu ya siki. Ile ya kunukia siki hula shaba.

Hamisha chakula. Samaki na nyama viende kwa jirani au kwenye kasha lenye barafu. Chomoa plagi, fungua madirisha. Funga kitambaa kwenye bisibisi bapa kabla ya kubandua kifuniko cha kihisi. Plastiki ya ndani ikiwa na baridi huvunjika kama kioo, hivyo iache ipate joto la chumba kwanza. Kihisi cha chumba cha chini huwa ubavuni, darini nyuma ya taa, au kwenye njia ya hewa ya nyuma. Piga picha ya mahali kilipo na jinsi waya ulivyopita.

Kama konekta inafikika, kazi yako imeisha kwa kuchomoa na kuchomeka. Kama sivyo, kata waya wa zamani ukiacha sentimita 10 kutoka ukutani. Kata moja ya waya hizo mbili fupi kwa sentimita 2 kuliko nyingine, na kwenye kihisi kipya fanya kinyume chake, ili viungo viwili visikae sambamba vikagusana. Menya milimita 8, ingiza mirija ya plastiki kabla ya kuunga (husahaulika kila mara), sokota, chomelea kwa solda, vuta mrija juu ya kiungo na uukaze kwa joto la ncha ya solda, si kwa kiberiti. Ziba ncha zote mbili kwa silikoni. Waya hizi hazina chanya wala hasi, kwa hiyo rangi zikipishana hakuna dhara.

Tepu ya umeme peke yake haina kazi ndani ya friji. Gundi yake hulegea kwa baridi, maji hupenya, na kiungo kilichoota kutu kikiongeza kiloomu moja tu, friji yako imeshapanda nyuzi mbili bila kukuambia. Ndiyo sababu vihisi vipya "vinakufa" baada ya miezi sita. Hewa ya kandokando ya ziwa ina unyevu mwingi, na kila mlango ukifunguliwa unyevu huo huingia na kuganda kwenye waya.

Rudisha kichwa kwenye klipu yake, kikiwa hewani au kimegusa bomba kama kilivyokuwa. Cha koili lazima kibanwe kabisa kwenye bomba la shaba au alumini. Cha chumba kisiguse ukuta. Ukipitisha waya, uache kitanzi kinachoshuka chini kabla ya kiungo, ili maji yadondoke hapo badala ya kufuata waya hadi kwenye kihisi.

Baada ya kufunga

Pima ukinzani tena kutoka kwenye plagi ya bodi kabla ya kurudisha vifuniko vyote. Namba ikilingana na joto la chumba, funga, washa, weka vitufe katikati. Weka glasi ya maji yenye kipimajoto ndani yake kwenye rafu ya katikati na usiiguse hadi kesho yake. Hewa ya ndani hupanda na kushuka kila mlango ukifunguliwa, maji hayana haraka. Ukikuta kati ya nyuzi 3 na 5, rudisha chakula. Kwa kihisi cha koili siku moja haitoshi. Fungua ukuta wa friza baada ya wiki mbili. Theluji nyembamba iliyosambaa sawasawa koili nzima ni ya kawaida, lakini ukikuta barafu ngumu inayoanzia chini na kupanda, hita imekufa upande mmoja, au tundu la kutolea maji chini ya koili limeziba. Mimina kikombe cha maji ya vuguvugu kwenye tundu hilo. Yasipotokea kwenye trei iliyo juu ya kompresa, zibua kwa mrija laini wa plastiki kabla ya kumlaumu mwuza kihisi.